Kuteleza si Kuanguka: Tiba ya Viungo kwa Wazee Wasiosimama Imara

Masika yanapoingia katika nchi ya Kitale, udongo mwekundu uliokuwa vumbi tangu Januari hugeuka utelezi. Mashamba ya mahindi hupandwa, na watu hupita asubuhi na jioni katika vijia vyenye tope. Huko Bungoma nako, toka tambarare za Kanduyi hata miteremko ya Kapsokwony chini ya Mlima Elgon, hali ni hiyo hiyo. Kijana akiteleza hutupa mikono, huruka hatua moja, hucheka, akaenda zake. Babu yake akiteleza mahali pale pale, huanguka kama gogo.

Wahenga walisema kwamba kuteleza si kuanguka. Neno hili ni kweli hata kwa elimu ya uganga wa siku hizi, kwa kuwa baina ya kuteleza na kuanguka ipo nafasi ndogo, kama kufumba na kufumbua jicho, na katika nafasi hiyo mwili hufanya kazi ya kujiokoa. Yafaa wasomaji wafahamu kazi hiyo hufanyika namna gani, kwa nini hupungua kwa wazee na wagonjwa, na jinsi inavyoweza kurudishwa kwa mazoezi. Watu wengi hudhani kwamba haiwezi kurudi, na kwa kudhani hivyo huwaacha wazee wao waanguke mara ya pili na ya tatu.

HASARA YA KUANGUKA

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Miongoni mwa ajali zote, ni ajali za barabarani tu ziuazo watu wengi zaidi ya hao. Zaidi ya watu 80 katika kila 100 wafao hivyo ni wa nchi zenye mapato madogo na ya kati, na walio katika hatari kubwa kuliko wote ni watu waliopita umri wa miaka 60. Katika hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwaka 2019, watu wa umri huo walikuwa zaidi ya milioni 2.7. Basi hili si jambo la nchi za mbali.

Tena, si wote waangukao hufa. Wengi huvunjika mfupa wa nyonga, au kifundo cha mkono, au huumia kichwa. Mzee aliyekuwa akipalilia shamba lake mwenyewe huwa hawezi kwenda chooni bila kushikwa mkono. Pengine binti yake huacha biashara yake sokoni ili kumwuguza, au mjukuu hukosa masomo. Hivyo mtu mmoja huanguka, lakini nyumba nzima huumia.

MAFIGA MATATU YA MWILI

Mtu asimamapo wima, mwili wake haujatulia kama nguzo. Huyumba kidogo kidogo mbele na nyuma, na ubongo huurekebisha kila mara bila yeye kujua. Ili ufanye hivyo, ubongo hupokea habari kutoka mahali patatu, na twaweza kupafananisha na mafiga matatu yanayoshika chungu.

Figa la kwanza ni macho, ambayo humwonyesha mtu ardhi ilivyo na kuta zilivyosimama. Figa la pili ni nyayo na viungo vya miguu, ambavyo huhisi kama chini ni kugumu au kulaini, kumenyooka au kumeinama. Figa la tatu ni sikio la ndani. Wengi hujua kwamba sikio ni la kusikia, lakini ndani ya mfupa wa kichwa, karibu na kile kiungo cha kusikia, kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo husogea, na ubongo hupata habari kwamba kichwa kimegeuka, na kwa upande gani. Ubongo ukishapata habari za mahali pote patatu, huiamuru misuli ya miguu na kiuno kufanya kazi upesi.

Figa moja likilegea, mawili yaliyobaki huweza kushika chungu kwa muda, lakini si kwa uimara ule wa kwanza. Mwaka 1846 daktari Mjerumani aitwaye Moritz Romberg alieleza kwamba wagonjwa fulani waliopoteza hisia za miguu husimama vizuri macho yakiwa wazi, lakini wakiyafumba huyumba na kuanguka. Sababu ni kwamba figa la miguu limeharibika, nao walikuwa wakisimama kwa msaada wa macho. Ndiyo maana wazee wengi huanguka usiku, wakati taa imezimwa.

MAMBO YALEGEZAYO MAFIGA

Macho hudhoofika kwa mtoto wa jicho na magonjwa mengine. Hisia za nyayo hupungua hasa kwa wenye ugonjwa wa sukari wa miaka mingi. Husema kwamba miguu imekufa ganzi, au kwamba wanakanyaga kama juu ya pamba. Sikio la ndani nalo lina maradhi yake. Ugonjwa mmoja ulio wa kawaida sana ni huu: ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo vya chokaa, na pengine vijiwe hivyo hutoka mahali pake vikaingia katika ile mifereji. Hapo mtu akigeuka kitandani, au akitazama juu darini, huona nyumba nzima yazunguka kwa muda usiozidi dakika moja, kisha hutulia. Wengi hudhani ni malaria au shinikizo la damu, nao humeza dawa zisizo za ugonjwa huo.

Dawa nazo zaweza kuleta madhara. Streptomaisini, iliyowaponya watu wengi kifua kikuu tangu miaka ya 1940, yaweza kuharibu sikio la ndani, na jentamaisini vivyo hivyo. Dawa za usingizi hulegeza mwili, na baadhi ya dawa za kushusha shinikizo la damu humfanya mtu aone giza anaposimama ghafula. Mgonjwa asiache dawa zake kwa shauri lake mwenyewe. La kufanya ni kuzitia zote katika mfuko mmoja na kumpelekea daktari azitazame. Pombe huvuruga ubongo na miguu kwa pamoja, wala haihitaji maelezo zaidi.

Wako wasemao kwamba mzee aangukaye mara kwa mara amelogwa, na wako wasemao kwamba ni uzee tu. Wote wawili hufika mwisho mmoja, nao ni kwamba hapana la kufanya. Kumbe kila jambo tulilolitaja hapo juu lina sababu inayojulikana, na mengi yao yana tiba.

KITI CHA HESHIMA

Lakini iko sababu moja kubwa ambayo haitoki kwa ugonjwa, bali kwa upendo. Desturi yetu ni kumpa mzee kiti. Akianguka mara moja, watu wa nyumbani huogopa, na mjukuu humwambia, "Kuka, wewe kaa tu, nitakuletea." Bibi akitaka kwenda kuwatazama kuku wake huambiwa, "Kukhu, usitoke, utaanguka tena." Maneno haya ni ya heshima, na mwenye kuyasema ana moyo mwema.

Hata hivyo, misuli isiyotumika hudhoofika. Hata kijana mwenye nguvu akilazwa kitandani majuma mawili, siku ya kuinuka miguu yake hutetemeka. Mzee akaaye kitini toka asubuhi hata jioni hupoteza nguvu za mapaja, na ubongo wake husahau kazi ya kujiokoa kwa haraka. Siku akiinuka kwa lazima, kwa kuwa hata mzee aliyehudumiwa sana huinuka kwenda chooni, huanguka. Watu husema, "Tulijua," nao humkalisha zaidi. Hivyo woga huzaa udhaifu, na udhaifu huzaa kuanguka, na kuanguka huzaa woga mwingine. Tiba ya viungo kazi yake kubwa ni kuukata mzunguko huo.

TIBA YA VIUNGO NI KITU GANI

Tiba ya viungo, iitwayo pia fiziotherapia, ni elimu ya kurudisha nguvu na mwendo wa mwili kwa mazoezi, kwa mikono ya mtabibu, na kwa vyombo kama fimbo na magongo. Nchini Kenya wataalamu hawa husomea katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya na katika vyuo vikuu, na sheria ya mwaka 2014 iliunda baraza la kuwaandikisha. Wanaoishi Trans Nzoia huweza kuwaulizia katika hospitali kubwa za Kitale, na walio Bungoma katika hospitali ya rufaa ya kaunti.

Mgonjwa afikapo, mtabibu humwuliza kwanza: Umeanguka mara ngapi mwaka huu? Ulikuwa ukifanya nini? Ulisikia kizunguzungu, au miguu ilikataa tu? Yafaa mgonjwa aende na mtu aliyemwona akianguka. Kisha mtabibu hupima. Kipimo kimoja kinachotumika duniani kote, kilichotangazwa mwaka 1991, hakihitaji chombo ila kiti na saa. Mgonjwa huinuka kitini, hutembea mita 3 kwa mwendo wake wa kila siku, hugeuka, hurudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, huhesabiwa kuwa yuko katika hatari ya kuanguka.

Kwa ugonjwa wa vijiwe vya sikioni, mtabibu aliyefunzwa humlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa kwa utaratibu maalumu ili vijiwe virudi mahali pake. Njia hii ilianzishwa na daktari Mmarekani, John Epley, karibu na mwaka 1980. Huchukua dakika chache tu, na wagonjwa wengi hupona kwa mara moja au mara chache. Kwa walioharibika sikio kwa namna nyingine, yako mazoezi ya macho na kichwa yaliyotungwa Uingereza na Cawthorne na Cooksey katika miaka ya 1940, kwa ajili ya askari walioumia vichwa vitani. Mgonjwa hufundishwa kugeuza macho, kisha kichwa, kisha mwili mzima, pole pole halafu upesi, mpaka ubongo uzoee kutumia mafiga yaliyobaki. Mwanzoni kizunguzungu huzidi kidogo, na wengi huacha hapo. Asiyeacha ndiye apatae faida.

USHAHIDI WAKE

Msomaji aweza kuuliza kama kweli mtu wa miaka 80 aweza kufundishwa kusimama. Jambo hili lilijaribiwa katika nchi ya New Zealand, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Otago. Walichukua wanawake 233 wenye umri wa miaka 80 na zaidi, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja walitembelewa nyumbani na mtabibu wa viungo mara nne katika miezi miwili ya kwanza, wakafundishwa mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Kundi la pili hawakufundishwa. Habari zake zilichapishwa mwaka 1997. Katika mwaka mmoja, wale wasiofundishwa walianguka mara 152, na wale waliofundishwa mara 88.

Mwaka 2019 wataalamu walikusanya majaribio 108 ya namna hii kutoka nchi nyingi, yenye watu zaidi ya 23,000. Waliona kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa kadiri ya robo moja, na kwamba yaliyo bora ni yale yanayomlazimu mtu ajishike mwenyewe wima. Mazoezi ya kukaa kitini na kunyosha mikono hayatoshi.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Haya yafuatayo ni mepesi, na mengi ya watabibu huanza nayo. Mzee aonwe kwanza na mtaalamu, hasa ikiwa ana ugonjwa wa moyo, au amevunjika hivi karibuni, au huona kizunguzungu. Afanye karibu na meza nzito au ukuta, juu ya sakafu kavu, na mtu mzima awe karibu naye.

1. Kuinuka na kuketi. Aketi juu ya kiti cha mbao kisichoyumba, kilichoegemezwa ukutani. Ainuke wima, kisha aketi pole pole. Aanze mara 5, na baada ya majuma kadhaa afike mara 10. Akiweza, afanye bila kujishika kwa mikono.

2. Kusimama juu ya vidole. Ashike meza, ainue visigino, ahesabu mpaka tatu, ashushe. Mara 10.

3. Kuinua mguu upande. Ashike meza, ainue mguu mmoja kando bila kuinama, aushushe, kisha ule wa pili. Mara 10 kila mguu.

4. Kusimama mguu mbele ya mguu. Kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mguu wa pili, naye asimame hivyo sekunde 10. Kwanza ashike meza kwa mkono wote, baadaye kwa kidole kimoja.

5. Kutembea katika mstari. Akiwa kando ya ukuta, atembee kisigino kikigusa vidole, hatua 10, ageuke, arudi.

Mazoezi haya yafanywe siku tatu kwa juma, na siku nyingine atembee kwa kadiri ya uwezo wake. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi ni alama ya kuacha na kumwona daktari. Haba na haba hujaza kibaba: nguvu hazirudi kwa siku moja, na akiacha mazoezi hupotea tena.

NYUMBA NA NJIA

Yapasa watu wa nyumbani nao wafanye sehemu yao. Kamba ya mbuzi isiachwe imelala njiani, wala jembe, wala kuni. Njia ya chooni itiwe changarawe kabla ya mvua, na nguzo imara ikitwe mahali anapoinukia mzee, ili apate pa kushika. Taa au tochi iwe karibu na kitanda, na kwa aliye dhaifu sana chombo cha kukojolea kiwekwe chumbani usiku. Sakafu ya saruji iliyopakwa nta hupendeza machoni, lakini mguu haushiki. Kandambili zilizochakaa na mabuti makubwa kuliko mguu yameangusha wengi. Kiatu chema ni kile kinachobana kisigino. Asubuhi mzee aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, apumue kidogo, ndipo asimame.

Fimbo nayo ina kipimo chake. Mwenye fimbo asimame amevaa viatu, mikono imening'inia. Kichwa cha fimbo kifike penye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ashike kwa mkono ulio upande wa mguu wenye nguvu, si upande wa mguu mbovu kama wengi wafanyavyo. Chini yake ifungwe kipande cha mpira ili isiteleze.

AKISHAANGUKA

Mzee akianguka, asivutwe juu kwa haraka. Aulizwe kwanza anaumwa wapi. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, yamkini nyonga imevunjika: asikandwe wala mguu usinyoshwe, bali alazwe juu ya ubao au blanketi imara na kupelekwa hospitali. Aliyejigonga kichwa naye apelekwe, hasa akitapika, akisinzia au akimeza dawa za kuzuia damu kuganda. Ikiwa uso umepinda upande mmoja, au ulimi umekuwa mzito, au mkono mmoja umelegea ghafula, hiyo yaweza kuwa kiharusi, nacho hakingoji kesho.

Asiyeumia aweza kufundishwa kuinuka mwenyewe: ageuke ubavu, asukume kwa mikono mpaka apige magoti, atambae mpaka kwenye kiti, ashike kiti, aweke mguu mmoja mbele, kisha ainuke. Anayejua kuinuka huogopa kidogo zaidi.

Mahali palipo mbali na hospitali, mzee aweza kuanza kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walipewa kazi hiyo na vyombo vyake nchini Kenya mnamo Septemba 2023. Wao hufika nyumbani, hupima shinikizo la damu na sukari, na humwelekeza mgonjwa kwenye zahanati au hospitali.

Basi kila mwenye mzee nyumbani na amwulize leo swali moja: je, umeanguka mwaka huu? Wengi hawasemi mpaka waulizwe, kwa kuchelea kunyang'anywa jembe na kukalishwa. Akijibu ndiyo, apelekwe kwa mtabibu wa viungo kabla mfupa haujavunjika. Na kiti chake cha heshima kibaki pale pale, lakini ainuke juu yake mara kumi asubuhi, kisha aende mwenyewe kuwatazama kuku wake.